Mwongozo kamili: kuagiza michoro na modeli ya BIM itakayofanya kazi saiti

Malalamiko yanayonifikia ni yaleyale. Mtu kalipia "ramani ya 3D", kapewa picha nzuri zenye gari na minazi mbele ya nyumba, ujenzi umefika slabu ya kwanza, halafu fundi bomba anaita: boriti imekaa palepale bomba la choo linapotakiwa kupita. Nyundo inatoka, zege linachongwa, nondo zinakatwa. Michoro ilikuwepo na modeli ilikuwepo.

Mara nyingi kosa si la programu wala la mchoraji. Aliyeagiza aliomba picha, akapewa picha. BIM ni kitu kingine: ni jengo zima lililojengwa kwanza kwenye kompyuta, kila ukuta, boriti na bomba likiwa na vipimo na taarifa zake. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba, mkandarasi mdogo au ofisi ya ubunifu inayotoa kazi ya kuchora nje, kwa jengo la ghorofa moja hadi nne hapa Tanzania. Mfano nitakaotumia ni jengo la mita 12 kwa 9, la ghorofa mbili, Dar es Salaam.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kumpigia mtu simu

- Ramani ya upimaji wa kiwanja yenye koordineti za bikoni. Picha ya hati iliyopigwa kwa simu haitoshi.
- Leveli za kiwanja kutoka kwa mpima ardhi, pamoja na mwinuko wa barabara na wa chemba au shimo la maji taka.
- Ripoti ya udongo.
- Mchoro wa awali wa mbunifu ambao familia au washirika wamekwisha kukubaliana nao. Mabadiliko ya vyumba baada ya modeli kujengwa ndiyo yanayokula pesa.
- Orodha ya vitu halisi: tofali la inchi 5 au 6, aina ya bomba, aina ya choo, ukubwa wa tanki na mahali litakapokaa, aina ya dari.
- Mbunifu majengo aliyesajiliwa na AQRB (bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi), mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na ERB (bodi ya wahandisi), na mtu mmoja mwenye dhamana ya mabomba na umeme.
- Programu ya kutazama modeli kwenye kompyuta yako. FreeCAD, na Bonsai inayofanya kazi ndani ya Blender, zote mbili ni za bure.

Angalizo. Mchoraji wa modeli hachukui nafasi ya mbunifu wala mhandisi. Anaweza kuwa hodari kuliko wote kwenye kompyuta, lakini ukubwa wa nguzo na idadi ya nondo si maamuzi yake, na manispaa haitatoa kibali cha ujenzi kwa modeli isiyo na michoro ya wataalamu waliosajiliwa. Ukiona mchoraji anakuambia "boriti nitaweka mwenyewe", achana naye.

## Hatua ya 1: Andika kazi ambayo modeli itafanya

Ukurasa mmoja unatosha. Usiandike "nataka BIM". Andika matumizi, moja moja: kutoa michoro ya kibali, kukagua migongano ya boriti na mabomba, kutoa vipimo vya zege, tofali na vigae, kubaki na kumbukumbu ya mabomba yaliyofukiwa. Matumizi ambayo hukuyaandika usiyatarajie.

Kisha taja kiwango cha undani kwa kila sehemu. Wenye fani hutumia namba za LOD. Kwenye 200 kitu kina umbo na ukubwa wa kukadiria. 300 ina vipimo sahihi vinavyofaa michoro ya ujenzi. 350 inaongeza jinsi kitu kinavyokutana na jirani yake, na 400 ni ya kutengenezea karakana. Usiombe 400 kwa jengo zima. Utalipia skrubu za bawaba wakati shida yako ni bomba la choo.

Kwa jengo letu la mfano ningeandika hivi: kuta, milango na madirisha 300, nguzo, boriti, slabu na ngazi 350, mabomba ya maji taka 350, mabomba ya maji safi 300, umeme 200, isipokuwa bodi kuu na mabomba makubwa ya nyaya, samani zisiwemo kabisa.

Taja pia faili utakazokabidhiwa: faili asili ya programu, IFC (muundo wa wazi unaosomwa na programu nyingi), DWG (faili ya AutoCAD) na PDF. Faili asili ndiyo inayosahaulika. Ukipewa PDF peke yake, siku ya kubadilisha mlango utarudi kwa mchoraji yuleyule kwa bei atakayoitaka yeye. Kama programu yake ya BIM ni Revit, kubalianeni toleo la mwaka gani, maana faili ya toleo jipya haifunguki kwenye toleo la zamani.

Utajua umefaulu pale mchoraji akisoma ukurasa huo anapokuuliza maswali ya vipimo, si ya rangi ya paa.

## Hatua ya 2: Mpime mchoraji kwa kazi ndogo

Picha za mitandaoni hazikuambii kitu. Mlipe achore bafu moja na ngazi moja kutoka kwenye mchoro wako, kisha fungua faili yake, si picha yake, uangalie mambo matatu.

Gusa ukuta: je, ni ukuta wenye tabaka la tofali na plasta, au ni boksi tupu lililopakwa rangi? Badilisha leveli ya ghorofa: je, ukuta, ngazi na mlango vinafuata, au vinabaki vikining'inia? Kata sehemu yoyote ya jengo: je, mkato unaeleweka bila mtu kuuchora upya kwa mkono?

Akishindwa la kwanza tu, usiendelee. Modeli ya maboksi haitoi idadi ya tofali wala haikamati mgongano wa maana.

Wapo wachoraji wazuri sana wa AutoCAD ambao hawafanyi BIM, na hakuna ubaya. Kwa nyumba ya vyumba vitatu isiyo na ghorofa wala slabu ya juu, michoro yao safi ya DWG inatosha, na nakushauri uhifadhi pesa yako. BIM inaanza kulipa pale slabu, ngazi na vyoo vya juu vinapoingia.

Malipo yagawe kwa hatua: sehemu ya kuanzia, sehemu baada ya msingi wa modeli kukaguliwa, sehemu baada ya migongano kufungwa, na sehemu ya mwisho baada ya marekebisho ya saiti. Usimalizie malipo siku ya picha.

## Hatua ya 3: Funga msingi wa modeli

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika kimyakimya, kwa hiyo nenda polepole.

Koordineti. Ramani nyingi za upimaji za zamani zimetumia mfumo wa Arc 1960, na simu yako inatumia WGS84. Kwa Dar es Salaam, namba zilezile katika mifumo hiyo miwili zinaangukia sehemu zilizopishana takriban mita 300. Muulize mpima ardhi ni mfumo upi, kisha uandikwe kwenye modeli. Katika UTM, mfumo unaogawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita, Dar es Salaam iko kanda ya 37 kusini. Dodoma na Mwanza ziko kanda ya 36.

Asili ya modeli. Koordineti za UTM za huku ni namba kubwa; ya kaskazini inapita milioni 9. Mchoraji akizimwaga moja kwa moja kwenye Revit, jengo linakaa mbali kuliko kilomita 16 kutoka asili ya ndani ya programu, yaani nukta yake ya sifuri, na mistari inaanza kucheza. Jengo lichorwe karibu na asili, kisha lifungwe kwenye bikoni kwa koordineti za pamoja.

Kizio. Milimita kwa wote. Faili ya DWG iliyochorwa kwa milimita ikifunguliwa kama inchi, jengo linakua mara 25.4. Hilo linaonekana haraka. Linaloumiza ni mchoro uliovutwa kidogo ili "utoshee", kwa sababu haugunduliki kwa macho. Pima mstari mmoja unaoujua: gridi (mistari ya kupangia nguzo) A hadi D isome 12,000 kamili.

Gridi na leveli. Mtu mmoja tu anazichora, wengine wote wananakili kutoka kwake. Leveli zitajwe kama ni juu ya zege au juu ya vigae. Mbunifu huwaza sakafu iliyokamilika, mhandisi huwaza zege. Tofauti ya milimita 50 isiposemwa, ngazi inapata kidato kimoja kirefu kuliko vingine. Kutoka sakafu hadi sakafu mita 3, vidato 18 vinatoa takriban milimita 167 kila kimoja. Kidato cha kwanza kikiwa 217, watu watajikwaa kila siku.

Ukuta. Tofali la inchi 6 ni milimita 150, na plasta ya milimita 15 kila upande inaufikisha 180. Amueni vipimo vya michoro vinaanzia kwenye tofali au kwenye plasta. Bafu la mita 1.50 kwa kipimo cha tofali linabaki na kama mita 1.45 baada ya plasta na vigae, na huenda kioo cha bafu kimeshaagizwa kwa 1.50.

Utajua umefaulu ukiweka modeli ya mbunifu na ya mhandisi juu ya nyingine, gridi zikalaliana bila mtu kusogeza kitu kwa mkono. Zisipolaliana, simama hapo. Kila mgongano utakaoupata mbele utakuwa wa uongo.

## Hatua ya 4: Kila fani ijenge modeli yake

Mbunifu ana yake, mhandisi yake, mabomba na umeme yao. Mnaziunganisha kwa kuziona pamoja, si kwa kila mtu kuchora ndani ya faili moja. Sababu ni uwajibikaji: nguzo ikisogea, ujulikane mkono wa nani umeisogeza.

Kama mhandisi wako anatumia Tekla na mbunifu ArchiCAD, si tatizo. IFC ni muundo wa wazi, kiwango cha ISO 16739, na programu zote hizo zinautoa. Kubalianeni tu ni IFC 2x3 au IFC4, na mjaribu kubadilishana kabla kazi haijakolea.

Kuhusu mahali pa kuhifadhi, kiwango cha ISO 19650 kinagawa taarifa katika hali nne: inayofanyiwa kazi, iliyotolewa kwa wenzako, iliyoidhinishwa, na ya kumbukumbu. Kwa mradi mdogo ni mafolda manne kwenye hifadhi ya mtandaoni, basi. Kwenye folda ya zilizoidhinishwa, mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kuandika. WhatsApp itumike kwa salamu na picha za saiti. Faili yenye jina "ramani final mpya 3 ya kweli" ikifika kwa fundi nondo, hakuna programu itakayokuokoa.

## Hatua ya 5: Saka migongano

Hii ndiyo sababu ya kulipia BIM, na ndiyo inayofanywa vibaya zaidi. Mtu anabofya kitufe, programu inamletea orodha ndefu ya migongano, anaogopa, anaifunga. Orodha hiyo karibu yote ni takataka: ukuta unaogusa slabu, nondo inayogusa nondo, bomba linaloingia kwenye choo chake lenyewe.

Anza na jozi moja: miundo dhidi ya maji taka. Maji taka kwanza kwa sababu yanafuata mteremko. Bomba la maji safi linaweza kupanda na kushuka, na waya unapinda unavyotaka, ila bomba la choo halibembelezeki. Likiisha hilo, nenda miundo dhidi ya milango na ngazi, kisha mabomba dhidi ya dari, kisha umeme.

Weka ustahimilivu wa milimita 10 hadi 20 ili programu ipuuze mguso wa plasta. Weka pia nafasi ya kazi: mbele ya bodi ya umeme na kuzunguka tanki, mtu anahitaji kusimama na kufungua kifuniko hata kama hakuna kitu kinachogusana.

Sasa tazama mfano mmoja kwa karibu. Choo cha ghorofa ya kwanza kiko mita 6 kutoka bomba la wima. Bomba ni la milimita 110, mteremko 1 kwa 60, kwa hiyo linashuka milimita 100 njiani. Slabu ni 150, boriti ina kina cha 450 ukijumlisha slabu, yaani inashuka 300 chini ya slabu. Bomba linakutana na boriti hiyo mita moja tu kutoka chooni.

Likipita chini ya boriti, mgongo wake uwe 310 chini ya slabu. Mita 5 zilizobaki zinaongeza mteremko wa 83, na kipenyo 110. Tumbo la bomba linafika takriban 503. Dari ikikaa 520 chini ya slabu, kutoka kimo cha mita 3 toa slabu 150, toa 520, toa 50 ya vigae na saruji yake: unabaki na mita 2.28. Kwenye korido ya stoo, vumilia. Sebuleni, mwenye nyumba atakuwa anaiona dari hiyo kila akiketi.

Mkiwa mbele ya modeli, njia ni tatu. Mbunifu asogeze bomba la wima karibu na choo. Mhandisi abadili mpangilio wa boriti. Au mhandisi, na ni yeye peke yake, aruhusu kipande cha bomba kilazwe ndani ya maboksi (mbao za kushikilia zege bichi) kabla ya kumwaga zege ili kuacha tundu, na aongeze nondo kulizunguka. Ya kwanza karibu kila mara ndiyo rahisi.

Onyo. Tundu halitobolewi baada ya zege kukauka kwa uamuzi wa fundi. Karibu na nguzo, ringi za boriti ndizo zinazobeba nguvu ya kukata. Ukizikata hapo umedhoofisha mahali pabaya kuliko pote.

Kila mgongano wa kweli upewe namba, picha, jina la mwenye kuutatua na tarehe. Faili za BCF hubeba hayo yote kati ya programu tofauti, lakini hata jedwali la kawaida linafaa. Kutaneni mara moja kwa wiki, modeli ikiwa ukutani, na fundi bomba mkuu awepo. Huyo ataona mambo ambayo programu haiyaoni, kama bomba lililochorwa vizuri lakini halina nafasi ya mkono kulibana.

Utajua umefaulu pale miundo dhidi ya maji taka inaposoma sifuri, au kila kilichobaki kina saini ya mhandisi inayosema kwa nini kinaruhusiwa. Kabla ya hapo maboksi ya slabu yasifungwe.

## Hatua ya 6: Toa michoro ya saiti kutoka kwenye modeli

Fundi hafungui IFC juu ya mirunda. Anahitaji karatasi ya A3 inayosomeka juani. Omba karatasi maalumu ambazo seti ya kibali huwa haina: mpango wa matundu yote ya kila slabu ukiwa na vipimo kutoka gridi, mkato wa ngazi wenye kila kidato, bafu kwa skeli ya 1:20, na mpango wa msingi wenye koordineti za kona.

Vipimo vyote vitoke kwenye modeli yenyewe. Mchoraji akiandika namba kwa mkono juu ya kipimo, umepoteza faida yote. Kila karatasi iwe na namba ya marekebisho na tarehe, na ya zamani ikusanywe saiti siku mpya inapofika. Ichanwe mbele ya msimamizi.

## Hatua ya 7: Vipimo vya BOQ (orodha ya kazi na vifaa vyenye idadi), kwa tahadhari

Modeli inahesabu kilichochorwa, si kinachohitajika. Haijui upotevu wa vigae, wala maboksi, wala nondo kama hazikuchorwa.

Mtego mkubwa ni kuhesabu mara mbili. Slabu yetu ya 12 × 9 × 0.15 ni mita za ujazo 16.2. Boriti zake, tatu za mita 12 na nne za mita 9, zina jumla ya mita 72. Kama boriti za upana wa 230 zimechorwa kwa kina chote na hazikuunganishwa na slabu, ule unene wa 150 unahesabiwa tena: 72 × 0.23 × 0.15, karibu mita za ujazo 2.5. Kwa zege la 1:2:4 hiyo ni takriban mifuko 16 ya saruji isiyo na kazi, slabu moja tu.

Kwa hiyo mkadiriaji majenzi apime chumba kimoja na slabu moja kwa mkono, alinganishe na jedwali la modeli. Zikipishana zaidi ya asilimia 2 au 3, itafutwe sababu kabla ya kutumia namba nyingine yoyote.

## Hatua ya 8: Irudishe saiti ndani ya modeli

Siku moja kabla ya kila zege, msimamizi apite na mpango wa matundu, apime kila tundu kutoka gridi, apige picha zenye futi ya chuma ikionekana. Vivyo hivyo kabla ya kufukia mabomba ya nje na kabla ya kupiga plasta juu ya mabomba ya nyaya. Picha zipewe jina la chumba na leveli, zipelekwe kwa mchoraji wiki hiyohiyo. Zikikaa hadi mwisho wa mradi hakuna atakayekumbuka ni bafu lipi.

Mchoraji arekebishe modeli ifanane na kilichojengwa, si na kilichokusudiwa. Kisha chagua vitu vitano ambavyo bado vinaonekana, mfano chemba mbili, tundu moja la slabu, bodi ya umeme na bomba la wima, ukavipime mwenyewe. Vikikubaliana na modeli, lipa sehemu ya mwisho, na uchukue faili asili, IFC na PDF kwenye diski mbili tofauti. Kimoja tu kisipokubaliana, irudishe modeli kwake kwanza, hela ibaki kwako.